Dua ya Kiongozi na Kalvati Lililoziba

Tarehe 14 Februari 2023 Wakenya walikusanyika katika Uwanja wa Nyayo, Nairobi, kuomba mvua. Mwitaji wa sala hiyo alikuwa Rais William Ruto mwenyewe, na siku ile ilitangazwa kuwa ya maombi ya kitaifa. Misimu mitano mfululizo ya mvua ilikuwa imepita bila mvua ya maana. Watu zaidi ya milioni 4 walikuwa hawana uhakika wa chakula, na kuanzia Turkana na Marsabit hadi Wajir na Mandera, mifugo zaidi ya milioni 2 ilikuwa imekufa.

Sina ugomvi na waliokwenda Nyayo. Jamii zetu zimeomba mvua tangu enzi. Waislamu wana sala yao ya kuomba mvua, Wakristo wana misa na mikesha yao, na kabla ya dini hizi wazee walikuwa na sehemu zao za matambiko. Mfugaji aliyebaki na fimbo mkononi baada ya kundi zima kuisha ana haki ya kumlilia Mola wake, na hakuna mwandishi mwenye mamlaka ya kumhoji. Ninayetaka kumhoji ni aliyeitisha sala ile, kwa sababu rais ana kitu ambacho shehe wa Garissa na padre wa Lodwar hawana. Ana saini inayofungua hazina. Ana jeshi, malori, mawaziri, na amri inayotekelezwa usiku huohuo. Akipiga magoti pamoja na wananchi ni jambo jema, lakini wananchi hawakumchagua kwa ajili ya magoti.

Tena ukame ni janga la taratibu kuliko yote. Tetemeko halipigi hodi; ukame hupiga hodi miezi na miezi. Kenya ina Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Ukame, iliyoundwa kwa sheria, na kila mwezi mamlaka hiyo hutoa taarifa za kaunti kame. Ukizisoma utakuta mambo yanayogusa maisha ya mtu moja kwa moja: malisho yako katika hali gani, mbuzi anauzwa kiasi gani sokoni, kina mama wanatembea kilomita ngapi kufuata maji, watoto wangapi wamepimwa mkono wakaonekana wamedhoofu. Mbuzi akishuka bei huku debe la mahindi likipanda, afisa wa ukame anajua kinachokuja. Hali hiyo ilikuwa ikizidi kuwa mbaya tangu mwishoni mwa mwaka 2020. Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa Septemba 2021. Kwa hiyo hadi kufikia ile siku ya Nyayo, serikali mbili zilikuwa zimeshapata onyo, tena kwa maandishi.

Hapo ndipo ninapoipima dua ya kiongozi. Siipimi kwa maneno yake wala kwa machozi yake. Naipima kwa kilichofanyika kati ya onyo na msiba. Je, mifugo ilinunuliwa ingali na nyama? Je, visima vilivyokufa pampu vilitengenezwa? Je, fedha za dharura zilifika kwenye kaunti kabla watoto hawajalazwa? Kama majibu ni ndiyo, basi kiongozi amekwenda kuomba akiwa ametimiza wajibu wake, na sala yake ina heshima. Kama majibu ni hapana, basi uwanja umejazwa watu ili wasikumbuke kuuliza.

Nitakuwa muungwana: serikali ya Ruto iligawa chakula cha msaada na ilizungumza sana kuhusu kujenga mabwawa. Mvua nayo ilinyesha, Machi mwaka huohuo, na wengi walishukuru. Lakini kilichofuata kinaeleza tatizo kuliko ukame wenyewe.

Kufikia Agosti 2023 wataalamu wa hali ya hewa wa ukanda huu walikuwa wameshasema kwamba mvua za mwisho wa mwaka zingezidi kiwango cha kawaida kwa sababu ya El Nino. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ilisema hivyo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ilisema hivyo. Kisha Oktoba, Rais Ruto akawaambia wananchi hadharani kwamba utabiri umebadilika, kwamba nchi haitapata ile El Nino ya maangamizi iliyohofiwa, itapata mvua nyingi tu. Idara ya Hali ya Hewa ikalazimika kueleza upya kwamba mvua za juu ya kawaida bado zinatarajiwa. Wiki chache baadaye Mandera, Garissa, Tana River na Mombasa zilikuwa zinaogelea. Barabara ya Garissa ilikatika. Hadi mwaka unaisha, watu zaidi ya 150 walikuwa wamekufa.

Neno moja la faraja kutoka kwa mtu mwenye cheo linaweza kufuta kazi ya miezi. Fikiria ofisa wa kaunti aliyekuwa akiwashawishi watu wa bondeni wahame, akitembea nyumba kwa nyumba, akibishana na wazee wanaosema mto huu tunaujua. Siku moja rais anasema hali haitakuwa mbaya. Nani atamsikiliza tena yule ofisa? Kiongozi alitaka kuwatuliza watu, na kuwatuliza ni sehemu ya kazi yake, ila alikuwa anawatuliza watu waliotakiwa kuwa na hofu.

Mwaka uliofuata ukaleta msiba wa Mai Mahiu, mji mdogo wa Kaunti ya Nakuru. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji yalishuka kwa nguvu kwenye kijiji cha Kamuchiri na vijiji jirani, yakazoa nyumba, magari, miti na watu waliokuwa wamelala. Habari za kwanza zilisema bwawa limepasuka. Baadaye serikali ikaeleza kwamba maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli, kwenye njia ya maji iliyoziba kwa magogo, mawe na tope, hadi yakapata nguvu ya kufumua. Waliokufa walipita 50.

Nalikazia hili la njia iliyoziba kwa sababu ndilo lenye mafunzo. Mvua ile ilikuwa kubwa, hakuna anayebisha, na hakuna waziri anayeweza kuizuia isinyeshe. Lakini kalvati, ile njia ya maji iliyojengwa chini ya reli, ni mali ya mtu. Lina mwenye dhamana ya kulikagua na kulizibua kabla ya msimu. Kazi yenyewe ni ya mikono: vijana wachache wenye sururu, majembe na msumeno, tingatinga moja kwa vile vigogo visivyonyanyulika, na msimamizi wa kurudi tena baada ya mvua ya kwanza kuona kama uchafu mwingine umejaa. Gharama yake hata haifikii gharama ya msafara mmoja wa viongozi kwenda kutoa pole. Tunapoambiwa kwamba kilichotokea ni mapenzi ya Mungu, kalvati linasahaulika, na mwenye dhamana ya kalvati anasahaulika pamoja nalo.

Siku chache baada ya Mai Mahiu, serikali ilitoa amri kwamba wanaoishi karibu na mabwawa na hifadhi za maji zilizo hatarini wahame ndani ya saa 24. Idadi ya sehemu hizo ilitajwa kuwa 178. Kama orodha ya sehemu 178 inaweza kupatikana ndani ya siku chache baada ya msiba, basi ujuzi wa kuitengeneza ulikuwepo kabla. Kilichokosekana ni mtu wa juu kuidai mwezi Februari. Na Wakenya walishafundishwa somo hilo Solai, kule Nakuru, Mei 2018, bwawa la shamba binafsi lilipopasuka usiku na kuua watu 48. Ilijulikana baada ya vifo kwamba mabwawa mengi ya mashambani yalijengwa bila vibali. Misa za kumbukumbu zilifanyika Solai. Ukaguzi wa mabwawa mengine ulipaswa kwenda sambamba na misa hizo.

Nasi Watanzania hatuna cha kujivunia sana. Tarehe 10 Septemba 2016 mchana tetemeko la ardhi la ukubwa wa 5.9 lilitikisa Kagera. Walikufa watu wasiopungua 17, mamia wakajeruhiwa, nyumba zaidi ya 2,000 zikaanguka na maelfu mengine zikapasuka nyufa. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifika kesho yake, na ibada ya kuaga miili ilifanyika Uwanja wa Kaitaba. Nchi nzima ilichanga. Mabalozi walichanga, wafanyabiashara walichanga, Kenya na Uganda zilileta chochote zilichoweza. Kabla mwezi haujaisha, baadhi ya watumishi waandamizi wa serikali mkoani waliondolewa kwenye nafasi zao, wakituhumiwa kufungua akaunti nyingine ya benki yenye jina kama lile la akaunti rasmi ya michango.

Januari 2017 Rais John Magufuli alikwenda Bukoba na kuwaambia waathirika kwamba serikali haitawajengea nyumba, kila mtu ajijengee, na fedha zilizopatikana zitakwenda kwenye shule, zahanati, barabara na majengo mengine ya umma. Wengi waliokuwa bado wanalala kwenye maturubai walivunjika moyo. Wapo waliomtetea kwa hoja kwamba serikali haina uwezo wa kumjengea kila mtu, na hoja hiyo haiwezi kupuuzwa. Shule ya Ihungo, kwa mfano, ilijengwa upya kwa msaada wa Uingereza, na majengo yake yanawafaa watoto wengi. Mimi naona kosa lilikuwa mahali pengine. Watu walichanga wakiambiwa wanawachangia waathirika. Mtu wa Mtwara aliyetuma shilingi elfu tano kwa simu alikuwa anamfikiria bibi aliyeangukiwa na ukuta, hakuwa anafikiria bajeti ya Wizara ya Elimu. Kama fedha zilipangiwa majengo ya umma, ilipasa jambo hilo litangazwe siku ya kwanza ya kupitisha bakuli. Na siku zote, kabla ya hotuba ile na baada yake, tuliambiwa tuwaombee watu wa Kagera.

Hanang ilikwenda tofauti, na ni haki kusema. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, sehemu ya Mlima Hanang iliyolainika kwa mvua ilimeguka. Tope, mawe na miti vilishuka hadi katikati ya mji wa Katesh na kuvifunika vijiji kama Gendabi na Jorodom. Walikufa watu 89. Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Dubai kwenye mkutano wa kimataifa wa tabianchi. Alikatisha safari na kurudi. Jeshi liliingia na vifaa, serikali ikabeba gharama za mazishi na matibabu, familia zikahifadhiwa kwenye shule. Kisha likaja lile ambalo kwa kawaida haliji: eneo la Waret likapimwa, na takriban mwaka mmoja baadaye nyumba zaidi ya 100 zikakabidhiwa kwa familia zilizopoteza makazi.

Sala zilikuwepo Hanang pia, nyingi tu. Viongozi wa dini walisimama kwenye mstari wa majeneza na kila mtu alisema amina kwa imani yake. Hakuna aliyelalamika kwamba serikali inaficha kitu nyuma ya sala, kwa sababu kando ya majeneza kulikuwa na kijiko kinachochimbua tope. Hata hivyo, swali la kati ya onyo na msiba linabaki pale pale. TMA ilikuwa imetoa utabiri wa mvua kubwa za vuli. Je, ni nani aliyekaa na kamati ya maafa ya Wilaya ya Hanang mwezi Oktoba na kuuliza nani anaishi kwenye mikondo ya mlima? Nyumba za Waret zimejengwa vizuri, lakini zimejengwa kwa ajili ya walionusurika.

Nirudi kwenye maneno, maana ndiyo yanayotumika zaidi. Kwenye misiba yetu kuna kauli tunayoisema sote: kazi ya Mungu haina makosa. Anaisema mama aliyefiwa, anaisema jirani anayemshika mkono, na pale msibani kauli hiyo ina kazi yake. Inamzuia mfiwa asijilaumu usiku kucha kwa nini hakuamka mapema, kwa nini alimruhusu mtoto kulala chumba kile. Ni kauli ya kumwondolea mzigo mtu asiye na hatia. Mkuu wa wilaya anapoichukua na kuisema kwenye kipaza sauti, anajiondolea mzigo yeye, na mzigo wake ni wa haki. Tumezoea kuwaona wakifika na ving'ora, wakikaa kwenye viti vya mbele chini ya hema, wakimsubiri shehe amalize dua na mchungaji amalize sala, kisha wakisimama kutoa salamu za rambirambi na kusema hakuna ajuaye siku wala saa. Mfiwa amekaa kwenye mkeka hatua chache kutoka hapo. Hawezi kunyanyuka na kuuliza kuhusu mfereji. Adabu ya msiba haimruhusu, na kiongozi anajua haimruhusu.

Yupo ndugu wa karibu wa dua ya namna hiyo, naye ni msaada wa mfukoni. Tunasoma kwamba mheshimiwa ametoa magunia ya unga, magodoro na blanketi, na picha inamwonyesha ameshika upande mmoja wa gunia. Mei 2024, Rais Ruto aliahidi shilingi 10,000 kwa kila familia iliyobomolewa nyumba kando ya mito ya Nairobi, baada ya tingatinga kupita Mathare na kwingineko. Unga ni unga, na mwenye njaa hatauliza umetoka wapi. Lakini sadaka ya kiongozi na dua ya kiongozi zinamweka mwananchi mahali pamoja: anakuwa mtu wa kuhurumiwa. Analazimika kushukuru. Aliyehurumiwa hawezi kudai fidia wala kuuliza ramani ya mipango miji iliruhusu nini, na akiuliza ataonekana hana shukrani. Kodi aliyoilipa kwenye sukari, sabuni na muda wa maongezi inamrudia ikiwa na picha ya mtu mwingine juu yake.

Kwenye hili viongozi wa dini wana nguvu kubwa kuliko wanavyoitumia. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana Kenya aliwazuia wanasiasa kuhutubia ibadani. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mamilioni ya shilingi ambayo Rais Ruto aliyatoa kwenye parokia moja. Maamuzi hayo yalihusu siasa za madhabahuni na fedha za harambee, hayakuhusu maafa, lakini yanaonyesha kwamba inawezekana kumwambia mkubwa: hapa hapana. Shehe au mchungaji anayeombwa kuongoza dua ya kitaifa baada ya mafuriko anaweza kukubali na akaweka sharti, kwamba kabla ya dua serikali isome mbele ya watu nini kilijulikana, lini, na nani alipewa kazi gani. Wakati wa maafa misikiti na makanisa ndiyo yanayopika vyungu vya kwanza vya chakula na kulaza watu kwenye sakafu zao. Waliofanya kazi hiyo wana haki ya kudai hesabu.

Mfano wa hesabu inayodaiwa uko Rufiji na Kibiti. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini na kuathiri watu wapatao 200,000. Kusini mwa Pwani mashamba ya mpunga na mahindi yalilala chini ya maji wiki nyingi, na kina mama walivuka kwa mitumbwi mahali walipokuwa wakipita kwa miguu. Wananchi waliuliza kuhusu maji yaliyofunguliwa kutoka Bwawa la Julius Nyerere, bwawa la umeme kwenye Mto Rufiji. Serikali ilijibu kwamba mafuriko Rufiji yalikuwepo kabla ya bwawa, na kwamba bwawa lilizuia maji mengi yasishuke mapema. Majibu yote mawili yanaweza kuwa kweli. Bado bwawa lina milango, na kila mlango unapofunguliwa kuna saa, kuna kiasi cha maji, na kuna mtu aliyetoa idhini. Mkulima wa Muhoro, kule Rufiji, anastahili kuambiwa siku ngapi kabla maji hayajamfikia, kwa simu au kwa mwenyekiti wa kijiji, apate kuvuna anachoweza na kuhamisha watoto.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya Tanzania ya mwaka 2022 ipo. Inaunda kamati za maafa kuanzia taifa hadi kijiji, na inaunda mfuko. Kila mwaka TMA hutoa utabiri wa vuli na wa masika wiki kadhaa kabla ya mvua. Kwa hiyo wabunge wa mikoa inayofurika wasisubiri kutoa pole bungeni wakiwa wamesimama dakika moja. Utabiri ukitoka, waulize wiki hiyohiyo: mfuko wa maafa una shilingi ngapi leo, wilaya gani zimeshapokea fedha, makalvati na mifereji gani imezibuliwa na nani kasaini, shule zipi zimetengwa kupokea watu, na mahema yamehifadhiwa ghala gani. Na kwa kila mkuu wa wilaya, ambaye kisheria ndiye anayeiongoza kamati ile: ilikaa lini mara ya mwisho, na muhtasari wa kikao uko wapi?